Chombo cha Riziki Kiingie Mashindanoni?

Kijana wa Kibuyuni, pwani ya kusini ya Kenya, aliyehamia Minnesota, Marekani, anakotunza wazee kwa zamu za usiku, alimtumia mjomba wake video ya gari dogo la Toyota likizunguka kwa kasi juu ya ziwa lililoganda. Namba ya mashindano imebandikwa mlangoni kwa utepe mweusi. Kwenye kioo cha mbele bado kuna kibandiko cha maegesho ya kazini. Video ikapita simu hadi simu, mpaka mtu mmoja akasema: nasi basi tushindanishe ngalawa zetu, hizi hizi za kuvulia, kutoka ufuo wetu hadi mbele ya kisiwa cha Wasini na kurudi.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Mjadala unaofuata nimeutunga na kuupanga mwenyewe. Sauti ni za watu ambao yeyote afikaye pwani hii ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga, atakutana nao. Majina sikuwapa, kazi zao zatosha. Swali lao ni moja: ni busara kuingia mashindanoni na chombo kile kile kinachokulisha?

Kijana wa boda: Tuanze na hilo gari. Kwao barabara za lami zimejaa, na bado mtu anaiacha lami anaingia ziwani. Ana nini?

Mpwa (sauti yake kwenye simu): Lami ina polisi, na uwanja wa mashindano wa kweli una kiingilio asichokiweza. Ziwa ni bure. Baridi ikikaza, Januari na Februari, watu wanasukuma theluji kwa plau, wanachora njia yenye kona, na ile theluji iliyosukumwa pembeni ndiyo ukuta. Kona ikikushinda unaingia kwenye theluji, wenzako wanakuvuta kwa kamba, unaendelea. Ndiyo maana gari la kazini linaweza kushindana Jumapili, na Jumatatu alfajiri likanipeleka zamu.

Nahodha: Na maji yaliyo chini yako?

Mpwa: Yanapimwa, mjomba. Idara ya maliasili ya Minnesota imetoa vipimo vya barafu mpya iliyo angavu: mtu kwa miguu inchi 4, gari dogo inchi 9 hadi 10, pikapu inchi 13. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, unahesabu mara mbili. Na hupimi mahali pamoja. Unatoboa kwa keekee hapa, unatoboa pale, maana ziwa moja halina unene mmoja. Penye chemchemi chini, au mto unapoingilia, barafu huwa nyembamba.

Nahodha: Kumbe nao wana bildi.

Tangu hapo Nahodha alimsikiliza mpwa wake kama mtu wa chomboni. Wengi tunaoitazama video ile tunaona wendawazimu wa watu walioshiba. Mtu aliyeshusha bildi ya kupimia kina usiku kwenye miamba ya Mpunguti aliona kitu kingine: watu wanaojua kwamba wamesimama juu ya maji, na wanaoulizana kila asubuhi maji hayo yamekubali kiasi gani.

Mwalimu: Nikuongezee, Nahodha. Kule Estonia bahari yenyewe huganda baadhi ya miaka. Ikiganda vya kutosha serikali hufungua barabara juu yake, kutoka bara hadi kisiwa cha Hiiumaa, kiasi cha kilomita 26. Na sheria za barabara hiyo ni kinyume cha zetu. Mkanda hufungi, ili barafu ikipasuka uruke nje. Halafu mwendo: unaweza kwenda chini ya kilomita 25 kwa saa, au unaweza kwenda kati ya 40 na 70, ila hapo katikati, kati ya 25 na 40, usikae.

Kijana wa boda: Bila mkanda, kwa sheria! Marehemu Waziri Michuki, aliyetufungisha mikanda, angeisikia hiyo! Lakini kwa nini hapo katikati?

Mwalimu: Gari likienda juu ya barafu huikandamiza, na maji ya chini yake husukumwa yakawa wimbi. Ukienda polepole, wimbi linakutangulia linapotea. Ukienda kasi, unaliacha nyuma. Ukienda sawa nalo, linakua chini yako mpaka barafu inakatika.

Nahodha: Wimbi la kubebana nalo. Hilo silihitaji kufundishwa.

Mpwa: Na jambo jingine, mjomba. Kwenye barafu injini kubwa haina maana. Kuna madaraja mawili: wenye matairi yaliyopigwa misumari, na sisi wenye matairi ya kawaida. Bila misumari, ukikanyaga mafuta gurudumu linazunguka tu pale pale. Kila mzunguko magari yanaipiga msasa ile njia ya ndani mpaka inakuwa kioo, na anayeng'ang'ania kuipita kwa kuwa ndiyo fupi anateleza. Mjanja hupanua kona, anatafuta theluji mbichi yenye mkwaruzo pembeni. Nimeona gari la bei ya pikipiki mbili likiliacha la Kijerumani.

Kijana wa boda: Basi hoja yangu imekwisha thibitika. Huo ni mchezo wa haki. Hauulizi una nini, unauliza unajua nini. Na bahari ni vivyo hivyo. Upepo hauangalii mfuko wa mtu.

Mama wa mwani: Upepo hauangalii mfuko, mwanangu. Tanga ndilo linaloangalia.

Aliyesema hivyo alikuwa amekaa kando, anafunga vipande vya mwani mchanga kwenye kamba, kila kipande na kifundo chake, bila kuinua kichwa. Na neno lake ndilo lililougeuza mjadala, kwa maana mpaka hapo wanaume walikuwa wanazungumzia ustadi, naye akaleta gharama.

Fundi: Mama amesema kweli, na mimi ndiye niwezaye kuitolea ushahidi. Ngalawa ya kuvulia naichonga gogo la mwembe, tumbo naliacha nene kidogo ili libebe madema na lisipasuke likigonga mwamba. Mirengu naiweka ya kutuliza, si ya kukimbiza. Sasa aje mtu na pesa, aniambie, Fundi, nataka kushinda tu. Nitamchongea chombo chembamba, nitamrefushia foromali, atanunua tanga jepesi la kiwandani. Kitashinda mwaka huu, kitashinda na mwaka ujao, na hakitabeba hata dema moja. Mwaka wa tatu nyinyi wenye ngalawa za kazi mtakuwa mmekaa ufuoni mnapiga makofi.

Mwalimu: Hilo tumeliona kwa macho yetu hapa hapa Kenya. Safari Rally ilipoanza, 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ilikuwa ni ya magari ya kawaida, kama yalivyotoka dukani, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hata madaraja yalipangwa kwa bei ya gari. Volkswagen ya mgongo wa kobe ikawapiga wakubwa. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Halafu zikaja timu za viwanda, magari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na helikopta juu zikiwaonya madereva kuna ng'ombe mbele. Mtu wa kawaida akabaki kando ya njia, anakula vumbi.

Kijana wa boda: Mwalimu, na mbona humtaji Patrick Njiru? Mwaka 1993 alimaliza Safari akiwa wa 12 kwa Subaru Vivio, gari lenye injini ya sisi 660. Hata lita haikutimia! Wengi waliharibikiwa njiani, yeye akafika.

Mwalimu: Alifika, na nilishangilia. Lakini hata Vivio ile haikuwa ya kupelekea watoto shule. Ilikuwa imetayarishwa.

Kijana alitaka kujibu, akaona jibu halimjii. Mimi nadhani wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja kwa mashindano yake. Kuna mbio za kutafuta nani aliye hodari kuliko wote, na hizo zitakwenda kwa wenye fedha hata ufanyeje, hakuna aibu. Na kuna mbio za kutafuta nani kati yetu, na hivi tulivyo navyo, ni hodari. Hizi za pili hazijilindi zenyewe. Zinahitaji sheria kali kuliko zile za kwanza, jambo ambalo watu hawalitarajii katika mchezo wa ridhaa.

Mpwa: Wenzetu wa Sweden na Finland wana dawa ya hilo. Wana mbio za magari makuukuu, za kila mtu, kiangazi kwenye changarawe na wakati wa baridi kwenye barafu. Sheria yao ya kwanza haisemi lolote kuhusu injini. Inasema: kila gari linaloshindana lina bei moja iliyowekwa na chama, na mbio zikiisha mshindani yeyote ana haki ya kulinunua gari la mwenzake kwa bei hiyo. Wakiwa wengi wanaolitaka, wanapiga kura ya bahati. Mwenye gari akikataa kuuza, anapoteza leseni ya kushindana.

Kimya kikapita. Fundi ndiye aliyecheka kwanza.

Fundi: Aliyebuni hiyo ni shetani au walii. Mtu atie pesa za nyumba kwenye gari, halafu jirani alichukue kwa bei ya mbuzi!

Nami nakiri sijaona sheria ya mchezo iliyofikiriwa vizuri kama hiyo. Haihitaji mkaguzi wa kulala chini ya gari na tochi, wala kitabu cha kurasa mia cha kukataza hiki na kile. Tajiri haambiwi asitumie pesa zake. Anaambiwa tu kwamba kesho huenda pesa hizo zikawa za mtu mwingine, na yeye mwenyewe anajizuia. Magari yanabaki makuukuu kwa sababu hakuna anayethubutu kuyafanya mapya.

Lakini ilipofika kwenye ngalawa, Nahodha aliikataa katakata, na sababu zake hazikuwa za mtu mwoga.

Nahodha: Gari la mpwa wangu ni lake peke yake. Likiuzwa, amepungukiwa yeye. Ngalawa si hivyo. Samaki wakishuka tunagawa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na sisi mabaharia kila mtu lake. Na mara nyingi mwenye chombo hatii mguu majini. Yuko mjini, yuko Msambweni, yuko Ukunda na duka lake. Nikishindana mimi Ijumaa, Jumamosi ikachukuliwa kwa bei ya chama, nimeuza riziki za watu wanne kwa mchezo, na chombo chenyewe si changu. Nitamwambia nini mwenyewe?

Kijana wa boda: Mtaomba ruhusa kwake kwanza.

Nahodha: Na hao mabaharia wataomba kwa nani?

Hapa ndipo ziwa la Minnesota na mkondo wa Wasini vinapoachana. Anayeshindana barafuni anahatarisha mali yake na mwili wake. Hata sheria inamfuata yeye: gari likizama Minnesota, mwenyewe ana siku 30 kulitoa, kwa gharama yake, na bima nyingi za magari, kama ilivyo hata hapa Kenya, hazigusi hasara ya mashindano. Ameyataka mwenyewe, atayabeba mwenyewe. Chombo cha pwani kina mikono mingi juu yake, na mkono unaoshika usukani si lazima uwe ndio utakaolala njaa.

Mwalimu: Basi tutafute sheria ya kwetu. Lamu wanashindanisha mashua, na wanashindanisha punda pia, na hao punda ni wa kazi, wanaobeba mawe na mchanga mwaka mzima. Hospitali ya punda ilifunguliwa pale 1987 na shirika la Uingereza, na shirika hilo hilo limekuwa likitoa tuzo kwa mwenye punda aliyetunzwa vizuri. Maana yake unaweza kushinda bila kukimbia, kwa mnyama wako kuonekana hana kidonda mgongoni. Tuweke zawadi kwa ngalawa iliyotunzwa.

Kijana wa boda: Nani atakuja kutazama ngalawa iliyotunzwa, Mwalimu?

Fundi: Mimi nina sheria fupi zaidi. Asubuhi ya mashindano nipewe mimi ukaguzi. Nitainama kwenye ngama ya kila ngalawa, pale maji yanapokusanyika, nitanusa. Isiyonuka samaki haiingii.

Walicheka wote, na katika kicheko hicho nikaona sheria yao imepatikana. Kila mtu hapa anajua harufu ya chombo cha kazi. Maji ya ngama ya ngalawa inayovua kila siku yana magamba, yana uozo wa chambo, yana mafuta ya papa yaliyoingia kwenye mbao na hayatoki kwa sabuni. Tajiri anaweza kununua tanga. Harufu ile atainunua wapi, isipokuwa kwa kwenda kuvua?

Mama wa mwani: Mmemaliza habari za vyombo vyenu? Sasa nisikilizeni mimi. Hapo mnapotaka kupita ni shambani kwetu.

Ukiangalia Kibuyuni maji yakiwa yamejaa, utaona bahari tupu, na mgeni hatajua kwamba chini kuna mashamba. Maji yakitoka ndipo yanapojitokeza: vigingi vimepigwa kwenye mchanga kwa safu, kamba zimevutwa kati yake, na juu ya kamba mafungu ya mwani aina ya spinosamu yamening'inia, ya rangi ya kahawia na ya kijani. Wiki sita tangu kufungwa hadi kuvunwa, halafu vichanja vya kuanikia, halafu gunia. Shughuli yote hufuata bamvua, siku zile maji yanapotoka mbali, na wengi wa wenye kamba hizo ni wanawake. Kwenye mjadala wa mashindano hakuna aliyewauliza.

Mama wa mwani: Nanga moja ya mtu anayesubiri zamu yake inang'oa kamba tatu. Upondo wa mtu aliyekwama unavunja vigingi. Huko kwao mpwa, gari likiingia theluji wanalivuta kwa kamba, basi. Hapa theluji yenyewe ni mwani wangu.

Nahodha: Tutashindana jioni, mama, bamvua. Unajua mwenyewe: bamvua maji hutoka saa nne, saa tano asubuhi, mkaenda shambani. Saa kumi jioni yamejaa pomoni. Ngalawa zitapita juu ya kamba zako kwa kina cha watu wawili, hazitazigusa. Tena iwe wakati wa kaskazi. Kusi la Julai silipeleki tanga la mchezo. Ukinilazimisha maji mafu, yatajaa mchana, lakini yatajaa kidogo, na hapo ndipo tutakapokwaruzana nazo.

Alikuwa sahihi, na Mama alijua kwamba yuko sahihi. Nilimwona anahesabu.

Mama wa mwani: Bamvua jioni. Na bamvua jioni ndiyo saa ambayo mwani nilioukata asubuhi uko kwenye magunia, umelowa, mzito kama maiti, na mimi natafuta ngalawa ya kuuleta pwani. Nikijua nitaikosa, inanibidi niubebe kichwani mapema, maji yangali kiunoni. Sasa ngalawa zote zimekwenda Wasini kupigiwa makofi. Mimi nifanye nini?

Nahodha: Siku moja tu, mama.

Mama wa mwani: Bamvua haziko nyingi, Nahodha. Mbili kwa mwezi.

Kijana wa boda: Basi ziende na magunia.

Alilisema kwa utani, lakini Fundi hakucheka. Aliinua kijiti, akachora mchangani ngalawa kwa ubavu, akaweka alama tatu nyuma ya mlingoti.

Fundi: Yakikaa hapa, inakwenda. Nyuma zaidi, pua inainuka na usukani unazama. Mbele zaidi, itachota maji kila wimbi. Na huyo mwenye chombo chembamba cha kushindia, gunia la kwanza tu mirengu yake inakwenda chini.

Mpwa: Kwa hivyo hamtahitaji kunusa ngama.

Fundi: Ngama nitanusa vile vile.

Nahodha: Kwenda Wasini na mzigo, kurudi kwa kubisha na mzigo? Wewe Fundi umewahi kubisha na mwani mbichi?

Mama wa mwani: Si kwenda Wasini. Kutoka shambani. Kila ngalawa iteremke tupu hadi kwenye alama, sisi tuko pale na magunia, mpakie, mzunguke boya, mlete ufuoni. Anayetangulia kuteremsha gunia la mwisho kichanjani ndiye mshindi. Na gunia likianguka majini, mbio zenu zimeisha, rudini mlitafute.

Nahodha: Magunia mawili.

Mama wa mwani: Matatu. Fundi amekwisha chora matatu.

Nahodha: Mawili, na baharia mmoja wa ziada wa kufua maji.

Mama wa mwani: Matatu, na huyo wa kufua maji awe binti yangu.